Nani Amhukumu Mshambuliaji Aliyeondoka?

Kuondoka nyumbani kwenda kutafuta klabu Ulaya ni uamuzi ambao mshambuliaji kijana huufanya bila kujua utamfikisha wapi. Asipofunga, huambiwa alikurupuka. Akifunga, huambiwa aliona mbali. Uamuzi ni uleule, umefanywa siku ileile na kwa moyo uleule. Kilichoongezeka ni yaliyotokea baadaye. Hapo ndipo penye swali la kifalsafa, na la kidini pia: kinachomhalalishia kijana safari yake ni nini hasa? Ni nia aliyoondoka nayo, njia aliyopita, au alichokipata alikokwenda? Swali hili laweza kujadiliwa popote penye goli mbili na mpira. Katika milima ya Usambara, hata hivyo, lina kumbukumbu ndefu kuliko mpira wenyewe, kwa kuwa ufalme uliotawala huko ulianzishwa, kwa mujibu wa masimulizi yake, na kijana aliyekimbia kwao.

Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kuufikia hupanda kilomita zipatazo 33 kutoka Mombo, ikipitia Soni. Ardhi tambarare ni adimu. Panapopatikana hugombewa na viazi, kabichi na karoti zinazokwenda kuuzwa Tanga na Dar es Salaam, na uwanja wa mpira mara nyingi ni wa shule, wa misheni au wa kijiji. Mtoto mwenye kipaji huanza kuonekana kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kisha UMISSETA ya sekondari. Zaidi ya hapo lazima ateremke. Timu za Mkoa wa Tanga zilizocheza Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zimeutumia Uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, na msimu wa 2015/16 zote tatu zilishuka daraja kwa mpigo. Coastal Union, waliokuwa mabingwa mwaka 1988, walirudi 2018. Kutoka Tanga njia huelekea Dar es Salaam, kwa Simba, Yanga au Azam, na baada ya hapo ndipo Ulaya huanza kutajwa bila watu kucheka. Kijana wa Lushoto basi huondoka mara tatu: ameuacha mlima, ameuacha mkoa, ndipo anaiacha nchi. Kila mara kuna wa kumuaga na wa kumsema.

Mfano ulio wazi zaidi katika nchi hii ni Mbwana Samatta, ingawa yeye hakutoka milimani. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alipita African Lyon, akaingia Simba, na mwaka 2011, baada ya Simba kukutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, klabu hiyo ya Lubumbashi ikamchukua. Akiwa nayo alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wale wanaocheza barani Afrika. Mwezi huohuo akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa. Januari 2020 akahamia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, uwanjani Wembley. Siku chache baadaye mpira ukasimama karibu dunia nzima kwa sababu ya korona. Uliporejea, mabao ya ligi hayakuja tena, na Septemba ilimkuta Fenerbahçe ya Uturuki. Akapita Antwerp, akarudi Genk, akatwaa ubingwa wa Ugiriki na PAOK msimu wa 2023/24, na mwaka 2025 akaenda Le Havre ya Ufaransa.

Je, kwenda Villa kulikuwa kosa? Vijiweni jibu lilitolewa kwa haraka, na lilitolewa Septemba, si Januari. Wale waliosema alikosea hawakuonyesha ni jambo gani Januari hiyo angeweza kulijua naye akalipuuza. Ugonjwa uliofunga viwanja haukuwa kwenye mkataba. Hukumu yao ilisoma matokeo, kisha ikarudi nyuma kuyaandika matokeo hayo kana kwamba ni tabia ya mtu.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili tatizo hili kwa jina la bahati ya kimaadili. Williams alimtumia mchoraji Paul Gauguin, aliyesafiri kwenda Tahiti mwaka 1891, kwa sura ambayo Williams mwenyewe aliirahisisha: mtu anawaacha mke na watoto ili akawe mchoraji mkubwa. Akifaulu, kuna kitu cha kumtetea. Asipofaulu, hana utetezi, wala siku ya kuondoka hakuwa na namna ya kujua atakuwa yupi kati ya hao wawili. Williams akaongeza tofauti muhimu. Gauguin akijeruhiwa njiani asiweze kuchora tena, safari yake imevunjika tu. Haijathibitika kuwa haikustahili kufanywa. Lakini akifika salama, akachora miaka kumi, na picha zikawa za kawaida, basi kushindwa kumetoka ndani yake na ndiko kunakomhukumu.

Kwa mshambuliaji tofauti hiyo huonekana mwanzoni kuwa inakaa vizuri. Anayevunjika goti wiki ya pili Ulaya huonewa huruma. Anayekosa mabao msimu mzima akiwa mzima wa afya huambiwa hana kiwango. Tatizo ni kwamba nafasi ya mshambuliaji ndiyo inayochanganya ndani na nje kuliko nafasi nyingine uwanjani. Mchoraji hahitaji mtu wa kumpigia krosi. Mshambuliaji asiyeletewa mpira, au aliyepangwa na kocha anayetaka aliye mrefu ilhali yeye ni mwepesi wa kukimbia nyuma ya mabeki, anaonekana kabisa kama asiye na kipaji. Freddy Adu, aliyezaliwa Tema, Ghana, na kukulia Marekani, alisaini mkataba wa kulipwa na D.C. United akiwa na miaka 14, akaanza kucheza ligi mwaka 2004 na kwenda Benfica mwaka 2007. Baada ya hapo alizunguka Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Brazili, Serbia na Finland akitafuta timu ya kukaa. Je, kipaji kilikuwa kidogo kuliko kelele zake, au walimu wenye pupa walikikausha kikiwa kibichi? Hakuna mahakama inayoweza kuyatenganisha mambo hayo mawili, na kanuni ya kimaadili inayodai yatenganishwe kwanza kabla ya kutoa hukumu haimsaidii mtu aliye hai.

Wasambaa, wenyeji wa milima ya Usambara, wana msafiri wao aliye mkongwe kuliko Gauguin, naye ni Mbegha. Habari zake zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, kikachapwa kwanza na misheni ya Magila chini ya milima na kutolewa upya Nairobi mwaka 1962. Mbegha alizaliwa Nguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, dalili iliyohesabiwa kuwa mkosi, na ndugu zake wakamnyima fungu la urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe. Alipofika mahali paitwapo Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mkuu wa hapo, na kijana yule alipofia katika uwindaji Mbegha alikimbia kuokoa roho yake. Akapanda Usambara na mbwa wake, akiua nguruwe waliokuwa wakila mashamba ya watu. Nyama aliwagawia wakulima, nao wakampa chakula cha shamba. Alipomuua simba, watu wa Vuga walimfanya mkuu wao. Uzao wake ndio Wakilindi, waliotawala kutoka Vuga, na wanahistoria huuweka mwanzo wa utawala huo katika karne ya 18.

Kwa haraka hadithi hii inasema sawa na Williams: ameshinda, basi alikuwa sahihi. Ikisomwa taratibu inasema zaidi. Mbegha hakuondoka kwa tamaa ya ufalme, alisukumwa. Ustadi wake ulikuwa umekwisha kuthibitika porini kabla mtu yeyote hajamfikiria kwa cheo. Tena alitoa kabla ya kuomba. Methali ya Kiswahili isemayo mgeni njoo mwenyeji apone inamfaa yeye pengine kuliko mgeni mwingine yeyote katika historia ya Tanganyika, kwa sababu wenyeji kweli walipona: nguruwe walipungua na nyama ikaliwa. Mshambuliaji wa kigeni hupokewa Genk au PAOK kwa masharti hayohayo. Hapendwi kwa ukoo wake wala kwa hadithi ya umaskini wake. Hupendwa kwa anacholeta mezani siku ya mchezo.

Masharti hayo yana upande wa pili, na Wasambaa waliujua. Katika fikra zao za utawala, ambazo mwanahistoria Steven Feierman alizichambua katika kitabu cha mwaka 1990, mfalme alipimwa kwa hali ya nchi. Mvua ikinyesha na chakula kikitosha, mfalme anaiponya nchi, kuzifya shi; ukame ukiingia na njaa ikatanda, anaibana nchi, kubana shi. Nguvu ya mvua na nguvu ya utawala zilikuwa kitu kimoja. Ni fikra yenye mantiki yake, kwani mfalme aliyeshindwa kuwadhibiti wapinzani aliacha vita vivuruge kilimo, na njaa ilifuata kweli. Ila humbebesha mtu mmoja mzigo wa mawingu. Mashabiki wa mpira wamo katika fikra hiyo bila kuijua. Ukame wa mabao ukifika wiki ya sita, mgeni ndiye anayeibana nchi, hata kama viungo watatu wako hospitali na kocha hajui atafukuzwa lini.

Kuna udhaifu mkubwa zaidi wa kuyafanya matokeo kuwa hakimu. Hadithi ya Mbegha ilitunzwa na Wakilindi, watoto wa aliyefika. Wawindaji wangapi walitoka Nguu wakafia porini, au wakapanda mlima mwingine wakafukuzwa kwa mawe? Hawakuacha ukoo wa kitawala wa kuwasimulia. Vivyo hivyo jina la Samatta linajulikana Mbagala, Dar es Salaam, na Mlalo, huku milimani, lakini vijana waliokwenda majaribio ughaibuni wakarudi kimya na begi lilelile hawatajwi, na pengine baadhi yao walikuwa na haki ya kuondoka kuliko waliofanikiwa. Anayejifunza uamuzi mwema kwa kuwatazama washindi peke yao anajifunza kutoka kwenye kitabu kilichochanwa kurasa.

Dini za milimani zinalijibu swali kutoka upande mwingine. Uislamu ulipanda Usambara kutoka pwani, na katika karne ya 19 ulishika nguvu hasa Mazinde, kwa Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Waislamu wengi wa Tanga ni wa madhehebu ya Shafii, na katika itikadi wanazuoni wao wamefuata zaidi njia ya Abul-Hasan al-Ashari, aliyefariki mwaka 936 au karibu na hapo. Kwa njia hiyo Mungu ndiye muumba wa kila tendo, na mja hulichuma tu: tendo ni la Mungu kwa kuumbwa, ni la mja kwa kuchumwa, na kwa uchumaji huo huulizwa. Wapinzani wao wa zamani, Mutazila, walisema mtu huyaumba matendo yake mwenyewe, la sivyo kumlipa au kumwadhibu kungekuwa dhuluma. Mabishano hayo hayajaisha na hapa si mahali pa kuyamaliza. Linalohusu safari ya mchezaji ni tunda lake moja: matokeo yametengwa na wajibu. Mja huulizwa alichochuma. Riziki iliyotokea ni ya Mpaji.

Tafsiri ya mitaani ya fundisho hili imeharibika kwa pande mbili. Wapo wanaosema kama riziki imeandikwa, mazoezi ya alfajiri kwenye baridi ya mlimani ni ya nini? Wapo pia wanaomwona aliyefanikiwa kuwa ndiye kipenzi cha Mungu, na aliyerudi mikono mitupu kuwa ana jambo alilolificha. Yote mawili yanapingana na elimu yenyewe. Riziki hupewa mwema na mwovu, mwenye shukrani na asiye nayo. Si cheti cha ucha Mungu. Ama uvivu, aliyeujibu vizuri zaidi ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu kumtegemea Mungu, yaani tawakali. Aliziweka sababu katika makundi matatu. Zipo sababu za yakini: mwenye njaa aliyewekewa chakula asiponyosha mkono akasema anamtegemea Mungu, huo ni wazimu, si tawakali. Zipo sababu za dhana yenye nguvu, kama kuchukua masurufu kabla ya kuvuka jangwa. Kuzishika hakupunguzi imani. Na zipo sababu za kuwazika tu, zinazojengwa juu ya hofu na ndoto, na hizo ndizo zinazoharibu tawakali.

Mgawanyo huo unamfaa mshambuliaji wa Lushoto kana kwamba uliandikwa kwa ajili yake. Mazoezi, usingizi, chakula na kujifunza kumalizia kwa miguu yote miwili ni sababu za yakini. Hakuna atakayefunga bila hizo. Wakala mwenye leseni, mkataba uliosomwa na anayejua sheria, lugha kidogo ya nchi aendako na akiba ya nauli ya kurudia ni sababu za dhana yenye nguvu. Kundi la tatu linajulikana sana Usambara, ambako waganga wana sifa iliyofika mbali. Hirizi inayofungwa kiunoni kabla ya majaribio haimwongezei kijana kasi, na humfundisha jambo baya kuliko hasara ya fedha, kwamba bao ni siri iliyofichwa mahali fulani na mwenzake ameifikia kwanza. Katika kundi hilohilo aingizwe yule mtu wa simu anayeahidi majaribio Ulaya kwa sharti la kutumiwa ada ya viza kwanza. Naye huuza kitu kisicho na mnyororo wowote unaoonekana kati ya sababu na tokeo, na bei yake huwa kubwa kuliko ya mganga.

Upande wa Kikristo, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, mwaka uleule Gauguin alipopanda meli, na leo Lushoto ni makao ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Urithi wa Martin Luther, ambaye Walutheri hufuata mafundisho yake, una fundisho la wito. Luther aliona makosa katika wazo kwamba mtu humkaribia Mungu zaidi kwa kuacha kazi na jamaa zake akaenda kuhiji au kuingia utawa; mshona viatu na mama anayeosha mtoto wako katika wito mtakatifu papo hapo walipo, kwa kuwa papo hapo wanamtumikia jirani. Fundisho hili, likichukuliwa juujuu, lingemfunga kijana shambani. Lakini kiini chake ni jirani. Kipaji ambacho hakiwezi kumtumikia mtu mahali kilipo kinaweza kuwa na jirani wake mahali pengine, na wito ukahama pamoja nacho. Hata mwana mpotevu wa Injili ya Luka hakulaumiwa kwa kusafiri. Alidai urithi baba yake akiwa hai, jambo lililo karibu na kumtakia kifo, kisha akautapanya. Kosa lake lilikuwa katika namna ya kuaga na namna ya kuishi huko.

Hapo dini hizi mbili zinakutana na desturi ya mlimani, ambayo haimwulizi msafiri kwanza atapata nini. Humwuliza kama ameaga na kama ana radhi ya wazazi. Mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wametenganisha safari ya kawaida ya kutafuta riziki na safari yenye hatari, au inayowaacha wazazi bila wa kuwatunza. Hii ya pili inataka idhini yao. Ni kipimo kinachoweza kutumika siku ile ya kuondoka, na hiyo ndiyo nguvu yake juu ya kipimo cha Williams. Nani ameachwa na mzigo gani? Waliosema ukweli kuhusu mkataba ni akina nani? Sababu zilizoshikwa ni za kundi lipi? Maswali haya yana majibu kabla ya bao la kwanza, na kijana aliyeyajibu vizuri ameondoka kwa haki hata akirudi bila kitu. Aliyeyajibu vibaya hageuzwi kuwa mwema na mabao 23.

Yapo mashtaka mengine dhidi ya anayeondoka, nayo ni ya deni. Katika miaka ya 1960 Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo ulikuwa na uzito kwa daktari aliyesomeshwa na kodi ya wakulima. Kwa mchezaji wa mpira unalegea, maana serikali haikumpa mengi, na mara nyingi viatu alinunuliwa na mjomba. Deni lake lipo lakini wadai wake ni wachache na wana majina: mzazi aliyemruhusu kukosa zamu ya kumwagilia, mwalimu wa michezo aliyemlipia nauli ya kushuka Mombo, wenzake waliompa pasi. Kumdai alilipe taifa zima ni kumtoza asichokopa.

Wapo wanaofika mbali zaidi wakasema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba mchezaji anayenunuliwa na kuuzwa ameingia biashara ya watu. Usambara ina haki ya kulisikiliza shtaka hilo kwa makini. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, Wakilindi walipigania urithi, na mateka wa vita hivyo waliteremshwa hadi Pangani, pwani, wakauzwa. Miongo michache baadaye, mwaka 1907, utawala wa Kijerumani uliwapa Wasambaa vipande, yaani kadi za kazi, vilivyowalazimu kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Watu waliochukuliwa namna ile hawakusaini kitu na hawakuwa na mwisho wa mkataba. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitenganisha vitu vyenye bei na utu ambao hauna bei. Kinacholipiwa katika usajili ni miaka iliyobaki ya ahadi ya kazi, na mwenye utu bado ana sauti ya kukubali au kukataa. Ila kanuni za mpira zilichelewa kulielewa hilo. Hadi tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilipotoa hukumu katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, klabu iliweza kudai ada kwa mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Kumfananisha mchezaji wa leo na mateka wa Pangani ni kuwadharau mateka. Kusema mfumo haukuwahi kuwa na harufu ya umiliki ni kusahau.

Ridhaa hiyo ina umri wake pia. Kanuni ya 19 ya FIFA ya hadhi na uhamisho wa wachezaji huzuia uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu mpira, au kuhama ndani ya Umoja wa Ulaya baada ya miaka 16. Christian Pulisic wa Marekani aliweza kucheza Borussia Dortmund mapema kwa kuwa alipata uraia wa Kroatia kupitia babu yake. Mtanzania asiye na babu wa namna hiyo husubiri. Kelvin John, mshambuliaji aliyezaliwa mwaka 2003 na kuichezea Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana, katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Tanzania mwaka 2019, aliingia Genk mwaka 2021 alipotimiza miaka 18, kisha mwaka 2024 akaenda Aalborg ya Denmark. Kanuni inabagua kwa pasipoti, na hilo ni doa. Bado kuwepo kwake ni bora, kwani mtoto wa miaka 15 hawezi kupima sababu za yakini na za kuwazika, na mara nyingi anayempimia ndiye atakayelipwa.

Ama deni la mkoba, kanuni hizohizo zimeweka njia. Mchezaji anapohamishwa kwa ada kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huhesabiwa asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Timu iliyomlea kijana misimu minne ya mwanzo ingepata dola 10,000 katika uhamisho wa dola 1,000,000, fedha ya kutosha mipira, nyavu na nauli za kushuka Mombo kwa miaka kadhaa. Malipo hayo huenda kwa klabu iliyosajiliwa na chama cha soka cha nchi, yenye kumbukumbu za usajili wa mchezaji. Timu ya kijiji isiyosajiliwa na mwalimu wa michezo wa shule ya msingi hawamo katika hesabu hiyo, na kwa hiyo viongozi wa mpira wa Wilaya ya Lushoto wanaotaka kulipwa siku moja waanze kwa kusajili timu zao za watoto.